Mtu Akishikwa Mbali na Mji: Somo la Kumtafuta Wakili

Ndugu yangu msomaji, somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo watu hawapendi kulitaja mpaka limewafika mlangoni. Mtu ameshikwa kwa tuhuma ya jinai katika kijiji kilicho mbali na mji. Wakili hayuko karibu, wala jamaa zake hawajui waanzie wapi kumtafuta. Je, wafanye nini, na lipi walitangulize?

Tumeuchagua mfano wa Nyambureti, kata iliyo katika wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, Tanzania bara. Huenda wewe uliye Tanga, au Mombasa, au Unguja ukauliza: Nyambureti ina nini nasi? Jawabu ni kwamba vijana wetu huenda bara kwa udereva wa malori, kwa biashara na kwa ualimu, na mtu hushitakiwa mahali linaposemwa kuwa kosa limetendeka, si mahali alipozaliwa. Tena taabu ya Nyambureti ndiyo taabu ya mtu wa kisiwani aliye mbali na mji wa mahakama. Aliyejua njia ya huko hatapotea kwake.

Nyambureti ni nchi ya wakulima na wafugaji. Mahakama ya Wilaya iko Mugumu. Mahakama Kuu iko Musoma, na zamani si nyingi mashauri makubwa ya Mara yalikuwa yakipelekwa hata Mwanza. Daftari la Mawakili la Tanzania bara limekwisha kupita majina 10,000 tangu lifunguliwe, walakini ofisi nyingi za mawakili ziko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma. Mtu wa kijijini hawaoni ila katika picha.

Wala usidhani kwamba kesi za mahali padogo ni kesi ndogo. Wilaya hiyo inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kesi nyingi za huko ni za watu waliokutwa na nyama ya nyumbu au ya pundamilia, ambayo sheria huiita nyara za serikali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ikisomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, imewapeleka watu wengi gerezani kwa miaka 20, na sababu ni kapu moja la nyama. Mtu huingia akiwa na mtoto wa kunyonya, akatoka mtoto yule naye ana watoto. Basi jambo la wakili si jambo la matajiri wala la wajuaji. Ni jambo la umri wa mtu.

Kosa la kwanza la watu wetu, bara na pwani, ni neno hili: "Mwenye haki hana haja ya wakili." Twasema, neno hili si kweli, tena limewapoteza wengi. Wadhani kwamba kumtafuta wakili ni kukiri kosa, na kwamba jirani watasema, lau si mwizi angelipa fedha za nini? Lakini Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, imesema kwamba mtu aliyeshitakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka lithibitike, na kwamba ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Ataelezaje kwa ukamilifu mtu asiyejua ni neno gani la shahidi linalomfunga na ni lipi la kupita? Mwenye haki khasa ndiye mwenye haja ya wakili, kwani mkosa ajua alilolitenda na huweza kujipanga, na asiyekosa hajui hata alichotuhumiwa kimetokea wapi.

Sasa zingatia saa za mwanzo, kwani humo ndimo kesi nyingi hushindwa kabla ya kufika kwa hakimu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai imempa polisi saa 4 za kumhoji mtu, tangu alipozuiliwa. Ofisa anayesimamia upelelezi aweza kuongeza muda, usizidi saa 8, na kupita hapo sharti aende kwa hakimu. Ila zingatia hili: muda wa kumsafirisha mtu mpaka kituoni hauhesabiwi. Kwa mtu aliyeshikwa mjini jambo hili si kitu, kwa aliyeshikwa porini au katika kijiji cha ndani ni njia ndefu, amekaa juu ya gari na waliomshika, ana njaa, na kila mtu ampa nasaha yake: "Sema tu, yatakwisha." Hayakwishi. Aliyoyasema yakiandikwa huitwa maelezo ya onyo, na yakisomwa mahakamani huwa ni mzigo juu ya shingo yake.

Mtu huyo ana haki ya kuambiwa kwamba halazimiki kujibu maswali, na kwamba aweza kuwasiliana na wakili, au jamaa, au rafiki. Aiombe haki hiyo kwa adabu na kwa maneno yaliyo wazi, tena aiombe mbele ya watu. Ataje jina lake na makazi yake, kisha aseme, "Naomba nimpigie ndugu yangu simu kwanza." Asitie saini wala dole gumba katika karatasi asiyosomewa. Na yule jamaa aliyepigiwa simu asianze kwa kulia, bali aulize mambo manne na kuyaandika: kituo gani, saa ngapi alishikwa, nani alimshika, na ameambiwa kosa gani. Wakili atakayepigiwa baadaye atauliza hayo hayo, na saa ya kushikwa ndiyo itakayompa hoja kama maelezo yalichukuliwa nje ya muda.

Hapa pana mtego ambao mahali padogo hutegwa zaidi ya mjini, nao ni baraza la wazee. Wakurya wa Mara wana baraza lao la jadi liitwalo ritongo, na vijiji vina mwenyekiti, mtendaji, mgambo na sungusungu. Ng'ombe akiibwa, watu hukusanywa. Kijana huketishwa katikati, wazee humwambia akiri ili jambo limalizwe kwa fidia, naye kwa kutaka amani na kwa kuwaheshimu wazee hukiri, pengine hata asilolitenda. Baada ya siku tatu polisi huja. Je, ni nani mashahidi wa mashitaka? Ni wazee wale wale! Mahakama za Tanzania zimekubali mara nyingi ungamo la mdomo lililotolewa mbele ya raia wenye kuaminika, likiwa limetoka kwa hiari. Kama lilitoka kwa kipigo au kitisho, wakili aweza kulipinga; lakini atalipingaje asipoambiwa, na michubuko imekwisha kupona? Basi aliyepigwa apelekwe hospitali mapema kwa karatasi ya polisi iitwayo PF3, na jamaa aihifadhi nakala.

Hatusemi kwamba wazee waachwe. Katika shambulio dogo au ugomvi wa jirani, sheria yenyewe humruhusu hakimu kuhimiza suluhu, na wazee ndio wenye kujua namna ya kuwapatanisha watu. Amma mauaji, unyang'anyi wa silaha na nyara za serikali si mambo ambayo ritongo au baraza la mji laweza kuyafuta. Mwenye kumwambia mshitakiwa kwamba yatafutwa amemdanganya, japo nia yake ni njema.

Tuje kwa wakili mwenyewe. Sisi watu wa pwani twaijua wakala tangu utoto. Mtu akija katika nikahi akasema ni wakili wa fulani, hatumwachi aendelee mpaka ithubutu kwamba ametumwa, na kwa idhini gani. Ajabu ni kwamba watu hawa hawa, jamaa yao akishikwa, humpa fedha mtu aliyesimama nje ya mahakama akiwa na mkoba na tai, wala hawamwulizi jina lake la tatu! Watu wa namna hii Tanzania huitwa vishoka. Wengine walisoma sheria kidogo, wengine walikuwa makarani, wengine hawakusoma kitu.

Kumaliza chuo kikuu hakumfanyi mtu kuwa wakili. Sharti apite mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, akubaliwe na kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu, aandikwe katika Daftari la Mawakili, tena kila mwaka ahuishe hati yake ya kufanya kazi. Daftari hilo Mahakama imeliweka katika intaneti, na mwenye simu huweza kulitafuta jina. Asiyeweza amwombe mwalimu au kijana wa duka la simu. Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoundwa 1954, nacho hujibu watu wakiuliza kama fulani ni mwanachama wao. Ukimwuliza mtu namba yake ya uwakili akakasirika, mwache, kwani wakili wa kweli huitaja kama mwalimu atajavyo darasa lake.

Na akikwambia, "Nipe na ya hakimu," ondoka hapo hapo. Hiyo ni rushwa, nawe utakuwa umeingia katika kosa la pili kabla ya kutoka katika la kwanza, na TAKUKURU wana haki ya kukutafuta wewe kama wamtafutavyo yeye. Kadhalika akikuahidi ushindi. Wakili mwema huahidi kazi: nitakwenda kumwona kituoni, nitaomba dhamana, nitauliza nakala za maelezo ya mashahidi. Malipo ya kesi ya jinai huwa ni mapatano, kwa hiyo yaandikwe: ni kiasi gani, ni kwa kazi ipi, nauli iko ndani au nje, na rufani imo au haimo. Kila fedha iwe na risiti. Jamaa wengi wamegombana wao kwa wao kwa ajili ya fedha za wakili kuliko walivyogombana na mshitaki.

Mahali padogo pana matatizo yake katika kuchagua, na haya watu wa mijini hawayajui. Mawakili ni wachache, na kila mmoja ana ujamaa na mtu. Huenda yule unayemtaka alimtetea mwenye ng'ombe katika daawa ya shamba mwaka jana, au ni shemeji wa shahidi. Usione haya kumwuliza swali la kwanza kabla hujamwambia kisa chako: "Je, umewahi kumfanyia kazi fulani, au waonana naye katika jambo hili?" Akiwa amefungamana na upande wa pili, yeye mwenyewe ndiye apasaye kukataa. Amma akiwa huru, basi mwambie kweli yote. Watu huogopa kwamba siri itafika sokoni Mugumu kabla yao. Lakini sheria ya ushahidi inailinda siri baina ya wakili na mteja wake, wala hawezi kuitoa pasipo ridhaa ya mteja, na akiitoa ana Kamati ya Mawakili ya kumwadhibu. Wakili aliyefichwa nusu ya kisa hushangazwa na shahidi mbele ya hakimu, na hapo hana la kusema.

Tena pana jambo la ndugu walioshitakiwa pamoja. Baba huuza ng'ombe wawili, akaweka wakili mmoja kwa wanawe wawili, akidhani amefanya insafu. Lakini huenda mmoja alikuwa na nyama mkononi na mwingine alikuwa amelala nyumbani. Utetezi wa huyu ni ushahidi juu ya yule. Wakili mmoja hawezi kuwavusha wote wawili. Atamzamisha mmoja, au atanyamaza na wazame wote. Hapo ni heri wakili mmoja kwa mmoja, na wa pili atafutiwe msaada wa bure, ijapokuwa baba ataona uchungu na mama atauliza kwa nini huyu na si yule. Jambo hili ni zito, wala hatuna njia nyepesi ya kulisema.

Na jirani? Watakasirika. Aliyeibiwa ng'ombe ni mtu wenu, mwapanda naye gari moja kwenda mnadani. Atasema, "Mmemletea mwizi wakili." Mjibuni kwa upole kwamba wakili haji kuutetea wizi, anakuja kuangalia aliyeshikwa ndiye mwizi au siye, kwani akifungwa asiye mwizi, mwizi yuko nje na ng'ombe wenu waliobaki.

Umbali wenyewe huweza kuwa silaha. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpeleka Jomo Kenyatta na wenziwe watano kuhukumiwa Kapenguria, mahali pa mbali kaskazini pasipo na nyumba ya wageni ya kutosha, hata mawakili walikuwa wakilala Kitale. Wakili wao mkubwa alikuwa D. N. Pritt kutoka Uingereza, na pamoja naye walikuwapo Fitz de Souza, Achhroo Kapila na Jaswant Singh wa Kenya, H. O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India, na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Hukumu ilitoka Aprili 1953: miaka 7 na kazi ngumu. Umashuhuri wa mawakili haukumfunga hakimu mkono. Na mwaka 1958, mtoto wa Mara, Julius Nyerere wa Butiama, aliposhitakiwa Dar es Salaam kwa makala katika gazeti la Sauti ya TANU, Pritt alikuja tena, lakini hakusimama peke yake. Alikuwa na K. L. Jhaveri wa Dar es Salaam na Mahmud Rattansey wa Tabora, watu waliozijua mahakama za hapa na watu wake. Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000, ama kifungo cha miezi 6; faini ikalipwa. Twayataja haya kwa sababu jamaa wengi husema, tutamleta wakili mkubwa kutoka Dar es Salaam, na wanapokwisha kuchanga nauli yake kesi imekwisha kusikilizwa mashahidi watatu. Wakili wa Musoma au Tarime atakayefika kesho ni bora kuliko bingwa atakayefika mwezi ujao.

Mfano wa kazi ya wakili katika kesi za Serengeti ni huu. Nyama huoza, kwa hiyo hakimu huamuru iteketezwe mapema, na karatasi ya kuteketeza ndiyo huja kuwa ushahidi. Mahakama ya Rufani, katika Rufani ya Jinai namba 385 ya mwaka 2017, ilieleza kwamba mshitakiwa sharti awepo mbele ya hakimu wakati ule na asikilizwe. Watu waliokwisha kukaa gerezani miaka wameachiwa katika rufani kwa kuwa hawakupewa nafasi hiyo. Kadhalika kosa la uhujumu uchumi halisikilizwi na mahakama ya wilaya ila kwa ridhaa na hati ya Mkurugenzi wa Mashitaka au aliyepewa mamlaka naye, na mashauri mengine yamebatilishwa kwa sababu hati hizo ziliandikwa kwa makosa. Lau wakili angaliuliza siku ya kwanza, miaka ile isingalipotea. Mshitakiwa asiye na wakili, akiletwa mbele ya hakimu juu ya nyama ile, na aseme sauti yake isikike: nyama hii si yangu, au sikukutwa nayo, na aombe iandikwe.

Na asiye na mali? Kabla ya hapo palikuwa na sheria ya mwaka 1969. Sasa ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Jaji au hakimu akiona kwamba haki yataka mshitakiwa apate msaada naye hana uwezo, aweza kuamuru apewe. Katika kesi ya mauaji Mahakama Kuu humpangia wakili asiye na fedha, ila wakili huyo mara nyingi huja wakati wa kusikilizwa, na miezi ya mahabusu imekwisha kupita. Katika kesi nyingine hapana atakayekuombea ukinyamaza. Basi siku ya kwanza mahakamani mshitakiwa aseme, "Sina uwezo wa wakili, naomba msaada wa kisheria," na ahakikishe imeandikwa. Wako pia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ambao hukaa wilayani na vijijini. Hawa hawasimami mahakamani kwa niaba ya mtu, wala hawana ruhusa ya kutoza ada. Kazi yao ni kueleza, kuandika, na kumfikisha mtu kwa wakili. Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya na mtendaji wa kata huwajua. Mahakama ya Mwanzo ina hukumu yake: kwa miaka mingi mawakili hawakuingia humo kabisa, na tangu marekebisho ya 2021 huingia pale aketipo hakimu mkazi. Uliza kwanza ni hakimu gani, usije ukalipa nauli ya bure. Msomaji wa Zanzibar na wa Kenya ajue kwamba kwao ziko sheria nyingine za msaada huo, na masharti yake ayaulize huko huko.

Dhamana haihitaji wakili katika makosa mengi. Inahitaji wadhamini wenye vitambulisho na barua ya mtendaji, nao wawe wamekwisha kufika mahakamani asubuhi. Makosa kama mauaji na unyang'anyi wa silaha hayana dhamana. Mahakama Kuu ilikitangua kifungu hicho Mei 2020, lakini Mahakama ya Rufani ikakirudisha Agosti mwaka ule ule. Atakayekwambia atampata mtu wa mauaji kwa dhamana ni kishoka.

Kama hukumu imetoka nayo ni mbaya, zihesabu siku. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudi la kukata rufani hutolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufani ndani ya siku 45, isipokuwa siku zilizopotea kwa kungoja nakala ya hukumu hazihesabiwi. Aliye gerezani humkabidhi karatasi hizo mkuu wa gereza, naye huzipeleka. Jamaa waende Mugumu wiki ile ile, waombe nakala ya hukumu na ya mwenendo kwa barua, na nakala ya barua ile waigongeshe muhuri wa mapokezi.